Tusivisugue Vyuma vya Ndege za Vita Kabla ya Kuvisoma

Juu ya kabati la vyombo la bibi yangu, nyumbani kwetu Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, palikuwa na kitu cha mviringo chenye kioo usoni, upana wake kadiri ya mdomo wa bilauri. Kilikuwa na akrabu mbili kama saa, lakini hakikuonyesha saa. Nyumba nzima tulikiita "saa ya Mtaliani". Kila mgeni aliyekuja kunywa kahawa alionyeshwa, naye akitikisa kichwa na kusema kwamba Mtaliani, pamoja na ubaya wake wote, alikuwa fundi wa vyombo.

Kisa chake kilisimuliwa hivi. Mnamo Oktoba 1940 ndege za Kitaliano ziliangusha mabomu Malindi. Hilo ni kweli, na wazee wa Malindi walilikumbuka mpaka kufa kwao. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa kijana wakati wa vita vile, akifanya kibarua Kipevu penye ndege, na siku moja alirudi nyumbani na ile "saa" ndani ya kikapu chake cha chakula. Hilo nalo ni kweli, mwenyewe alilithibitisha. Lakini kilichoziunganisha kweli hizi mbili ni maneno ya barazani tu. Mmoja alisema kuna ndege ya Mtaliani iliyotunguliwa. Wa pili akasema saa ilitoka katika ndege hiyo hiyo. Wa tatu akamtia na rubani, na jina akampa. Mjomba akiulizwa alicheka, akasema, "Haya, kama msemavyo."

Imenichukua zaidi ya miaka sitini kujua kwamba saa ile haikuwa saa, wala haikuwa ya Mtaliani. Na siku niliyojua hayo nikajua jambo la pili lililonitia uchungu: aliyeharibu ushahidi wake mkubwa ni mimi mwenyewe.

Ndiyo sababu nimeshika kalamu leo, ndugu msomaji. Nina hakika nyumba yetu si ya peke yake. Katika pwani hii wako watu wenye kipande cha bamba jepesi kilichokuwa mfuniko wa pipa, au bomba lililonaswa na jarife, au kijisaa kisichoeleweka kilichoachwa na marehemu. Wako pia wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopima kila kitu kwa kilo, na wako wakusanyaji wa vitu vya kale wanaovitafuta vyombo vya ndege za vita kama watu wanavyotafuta mabakuli ya kale ya Kichina. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maoni yangu ni kwamba chombo cha ndege ya vita ni mali ya namna hiyo hasa. Kikiwa na habari zake ni shahidi, na kikizipoteza ni chuma tu, hata kikiwa king'avu kama kioo.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa ndege aliyestaafu, mtu wa Changamwe, tuliyejuana msikitini. Nilimpelekea saa yetu nikiwa nimeifunga katika leso, na kabla hajaifungua nikamwambia, "Hii ni ya ndege ya Mtaliani." Akanitazama kwa huruma. "Shekhe wangu," akasema, "usianze na ndege. Watu wote huanza na ndege, ndipo wakapotea. Anza na chombo. Uliza kwanza kinapima nini."

Akaivaa miwani yake, akasoma. Usoni mwa kioo palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, yamefifia lakini yasomeka. Yalikuwa pale siku zote! Nimekwenda shule, nimefanya kazi ya ukarani miaka mingi, na maneno yale nimeyaona mara elfu. Lakini kwa kuwa tulikwisha kubali kwamba chombo ni cha Mtaliani, hakuna aliyejiuliza Mtaliani anaandika Kiingereza kwa sababu gani.

Maneno yale yalisema kwamba chombo hupima mgandamizo wa hewa inayoingia katika injini. Rubani hukitazama ili ajue injini yake inabebeshwa mzigo kiasi gani, asije akaipasua wakati wa kuruka.

"La pili," akasema fundi, "uliza kinapima kwa kipimo cha nani." Hapo akanipa somo ambalo kila mwenye chombo cha namna hii angefaa alijue. Mgandamizo huo wa hewa kila taifa lilikuwa na namna yake ya kuuhesabu. Mwingereza aliuhesabu kwa ratili katika inchi mraba, na katika chombo chake hewa ya kawaida ya ufukoni ndiyo sifuri. Mjerumani alitumia kipimo alichokiandika kwa herufi tatu, ata. Mmarekani alihesabu kwa inchi za zebaki. Chombo chetu kilikuwa na tarakimu kuanzia 10 kwenda juu, na pembeni alama ya inchi za zebaki. Basi ni cha Mmarekani. Ndivyo ilivyo pia kwa vyombo vya mwendo: Mtaliani na Mjerumani walihesabu kwa kilomita, na Mwingereza kwa maili au kwa fundo za baharini.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. "Akrabu hizi zimesimama wapi?" Nikamwambia kwamba tangu utoto wangu zimesimama karibu na 30, wala hazirudi chini, na sisi tulidhani zimekwama. Akacheka. "Hazikukwama. Hewa ya ufukoni ina uzito wa inchi 30 za zebaki hivi. Chombo chenu ni kizima. Miaka yote hii, juu ya kabati la bibi, kilikuwa kinaupima upepo wa Mombasa."

Sikuweza kusema neno kwa muda. Nilikuwa nimekiona kitu kile kama maiti, kumbe kikipumua.

Swali la tatu lilikuwa, ni ngapi? Akrabu zilikuwa mbili, na juu ya kila moja herufi ndogo, moja ya kushoto na moja ya kulia kwa Kiingereza. Maana yake ni ndege ya injini mbili. Swali la nne, kina nambari gani? Na la tano, kilipatikana wapi, na nani, na lini?

Hili la tano nililijibu kwa fahari, kwa kuwa Kipevu ina historia yake. Baada ya Mjapani kuishambulia Ceylon mnamo Aprili 1942, manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Ili kuzilinda meli na nyambizi za adui, Waingereza walileta ndege kubwa za majini ziitwazo Catalina, zilizobuniwa na kampuni ya Consolidated ya Marekani. Mabawa yake yalikuwa na upana wa futi 104, injini mbili zenye silinda 14 kila moja, na iliweza kukaa angani zaidi ya saa 20 bila kutua. Kikosi cha 209 kilikaa Kipevu. Vikosi vya 259 na 265 viliundwa hapa hapa mwanzoni mwa 1943, na tarehe 20 Agosti mwaka huo ndege za vikosi hivyo viwili ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska, wakafa watu wote 67 waliokuwamo.

"Basi ni ya Catalina!" nikasema kwa furaha.

Fundi akainua kidole. "Polepole. Umetoka kwa Mtaliani sasa unarukia Catalina. Chombo hiki hakikutengenezwa na mwenye ndege. Kilitengenezwa na kiwanda cha vyombo, kikauzwa kwa wenye ndege wengi. Ndege za Kimarekani za injini mbili zilizopita katika bahari hii si Catalina peke yake. Kipande cha mwili wa ndege ndicho kingekuambia. Kwa Consolidated, Catalina ni umbo la 28, na nambari za vipande vyake vingi huanza na 28. Spitfire ya Kiingereza nayo, vipande vyake huanza mara nyingi na 300, au 349, au 361, kwa kufuata toleo lake. Lakini saa ya ubaoni haina hiyo. Ina nambari ya aina yake, kama kiatu kina nambari ya mguu. Ukiokota kiatu namba nane hutajua ni cha nani. Utajua tu kwamba si cha mtoto."

Akanieleza kwamba hata Waingereza walikuwa hivyo. Chombo cha jeshi lao la anga huwa na taji na herufi A.M., na vyombo vingi vya ubaoni vina nambari ya ghala inayoanza na 6A. Watu huiona nambari hiyo wakafurahi wakidhani wameipata ndege. Wameipata rafu ya ghala tu. Bado safari.

"Lakini," akasema, "nyuma yake pangekuwa na kibandiko cha kiwanda. Pale pangeandikwa jina la mtengenezaji, nambari ya oda ya serikali na nambari ya chombo chenyewe. Hiyo ingetupeleka mbali." Akakigeuza. Nyuma palikuwa peupe, pamesuguliwa, panang'aa.

Hapo ndipo moyo wangu uliponiruka, kwa kuwa nilikumbuka. Mwaka ulikuwa 1958, siku mbili kabla ya Idd. Nyumba yote ilikuwa katika usafi. Vyetezo, sinia na mabirika ya shaba yalitolewa uani, nasi watoto tukapewa majivu na ndimu tuyasugue. Mimi, kwa kutaka sifa, nikakipanda kiti nikaiteremsha saa ya Mtaliani. Ilikuwa nyeusi nyuma, na juu ya weusi huo kibandiko chenye maandishi madogo. Nilisugua mpaka kibandiko kikatoka vipande vipande, na rangi nyeusi ikafuata, na alumini ikameremeta. Bibi alinisifu mbele ya wote. Mjomba akanipa shilingi nzima ya Idd. Sijasahau shilingi ile, na sasa najua niliipata kwa kazi gani.

Huenda mtu akaniambia, "Mzee, umekuza jambo. Kibandiko cha saa moja kina maana gani?" Nitamjibu kwa kisa cha mvuvi mwenzetu, ingawa bahari yake ni nyingine.

Tarehe 31 Julai 1944 mwandishi Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, yule aliyeandika The Little Prince, aliruka kutoka kisiwa cha Corsica kwenda kupiga picha za nchi yake iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ndege yake ilikuwa P-38 ya Kimarekani iliyotolewa bunduki ikatiwa kamera. Hakurudi. Kwa zaidi ya miaka hamsini hapakuwa na kaburi wala habari. Kisha mwaka 1998 mvuvi Jean-Claude Bianco, akivua karibu na Marseille, alipata katika wavu wake bangili ya fedha yenye jina la mwandishi yule na la mkewe. Wako waliomwita mwongo. Wakasema bangili ni ya kughushi.

Lakini mvuvi yule hakuificha bangili, wala hakuiyeyusha, na mahali alipovua alipasema. Mzamiaji mmoja, Luc Vanrell, akatangaza mwaka 2000 kwamba ameona mabaki ya P-38 chini ya bahari ile. Hata hivyo aina ya ndege haikutosha, kwa sababu P-38 zilizoanguka katika pwani ile zilikuwa zaidi ya moja. Mwaka 2003 vipande vikatolewa, vikasafishwa kwa uangalifu, si kwa majivu na ndimu, na juu ya kipande kimoja zikaonekana tarakimu nne na herufi moja: 2734 L. Herufi ile ni ya upande wa kushoto. Tarakimu zilikuwa nambari ya kiwanda cha Lockheed, na daftari za kiwanda zikaonyesha kwamba ndege ya 2734 ndiyo iliyopewa na jeshi nambari 42-68223, na hiyo ndiyo aliyoondoka nayo Saint-Exupéry. Mwaka 2004 ikatangazwa. Tarakimu nne zikawajibu watu waliokuwa wakiuliza kwa miaka 60, na yule mvuvi aliyeitwa mwongo akasafika.

Angalia pia jambo ambalo tarakimu zile hazikulisema. Hazikusema ndege ilianguka kwa sababu gani. Walioongeza sababu waliongeza vyao, kama wazee wetu barazani walivyoongeza rubani wa Kitaliano. Chombo husema kile kilichoandikwa juu yake na kile kinachoonyeshwa na mahali pake, basi. Anayekilazimisha kusema zaidi anakigeuza kuwa shahidi wa uongo.

Na asidhani mtu kwamba mtego huu uko mbali nasi. Katika vita vya kwanza, mwaka 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza walimwajiri rubani Dennis Cutler na ndege yake ya majini aina ya Curtiss ili aitafute, na kituo chake kilikuwa kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Rejeta ya ndege ile ilipoharibika, meli ilitumwa Mombasa, ikarudi na rejeta ya motokaa ya Ford, ikafungwa katika ndege! Sasa fikiri, ndugu yangu. Lau mtu angeiokota rejeta ile visiwani baada ya miaka mia, na fundi mwenye ujuzi akaisoma, angesema kwa haki kabisa kwamba ni ya motokaa. Angekuwa amesoma sawa, na bado amekosa. Mahali ilipookotwa ndipo pangemwonya atazame mara ya pili. Ndiyo maana nasema swali la tano, la wapi na nani na lini, lina uzito sawa na nambari.

Mzinga mmoja wa Königsberg uko Ngomeni hapa Mombasa hadi leo, na watoto wa shule huupiga picha. Wanaupiga picha kwa kuwa una jina. Uondoe jina lake na meli yake, utabaki na mtutu wa chuma unaochoma mkono kwa jua.

Miaka michache nyuma nilipita kwa mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu. Juu ya chungu yake palikuwa na bamba la alumini lililokunjika, limeshika chaza na magamba ya bahari, na mahali palipochubuka pakaonekana rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Rangi ya namna hiyo Wamarekani waliitumia sana kuikinga alumini ya ndege zao na kutu. Nikauliza limetoka wapi. Kijana wa mizani akasema limeletwa na wavuvi, lakini hakujua ni wavuvi gani wala wa wapi. Nilikwenda kuswali Alasiri, nikarudi na karatasi na kalamu ya risasi ili niweke karatasi juu ya bamba na kupitisha kalamu, kwani maandishi yaliyopigwa muhuri hujitokeza hivyo hata yasipoonekana kwa jicho. Nikakuta limekwisha katwa na kupakiwa. Labda lilikuwa kipande cha boti. Labda lilikuwa bawa. Kijana alilipwa haki yake ya kilo, mimi nikarudi na karatasi nyeupe.

Wako watakaosema kwamba vita vile vilikuwa vya Wazungu na hasara ni yao. Sikubali. Waliobeba mapipa ya mafuta pale Kipevu, waliovuta kamba na kufagia sakafu, walikuwa ni wajomba zetu. Majina yao hayamo katika vitabu vya vikosi. Kitu kama saa yetu ni mojawapo ya mambo machache yanayoonyesha kwamba walikuwapo.

Tena kuna suala la wafu, ambalo halina Mzungu wala Mwafrika. Huko El Alamein, nchini Misri, kuna ukuta ulioandikwa majina ya askari wasiojulikana makaburi yao, na miongoni mwao ni wanaanga waliopotea katika vita vya Afrika Mashariki na Madagaska. Kila jina pale ni la mtu aliyeruka na hakurudi. Kipande cha bamba chenye nambari, pamoja na jina la mwamba kilipopatikana, kinaweza kumtoa mtu mmoja katika ukuta ule na kumpa mahali. Kuna mjukuu atakayejua babu yake yuko wapi. Sisi tunaokesha tukizisomea maiti zetu tunalijua hilo lina thamani gani.

Tulipokuwa chuoni, maalim alitufundisha hukumu ya kiokotwa: mwenye kuokota kitu akitambue vyema, hata chombo kilimotiwa na kamba iliyofungiwa, kisha akitangaze mwaka mzima. Sisemi kwamba kila skrubu ya ndege ina hukumu hiyo, hayo nawaachia wenye elimu. Nasema tu kwamba adabu ya kukitambua kitu kabla ya kukitumia tulifundishwa tangu utotoni, na hatuna udhuru.

Nina neno moja la mwisho, na hili ni la usalama wa watoto wetu.

Saa yetu ilikuwa iking'aa gizani. Usiku taa ikizimwa, tarakimu zake zilitoa mwanga wa kijani, hafifu, mzuri wa kupendeza. Bibi aliamini kuna jini, akawa akiifunika kwa kitambaa. Mimi niliipenda, na nilipougua surua niliruhusiwa kulala nayo kitandani. Baadaye, katika miaka ya sabini, mwanga ukaisha, na ikasemwa nyumbani kwamba jini amehama.

Jini hakuhama. Rangi ile ilichanganywa na radi, yaani radiamu, madini yenye mionzi isiyoonekana. Kinachokufa ni ile dawa inayogeuza mionzi kuwa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua kufika nusu. Chombo kilichoacha kung'aa kina sumu ile ile kiliyokuwa nayo kilipong'aa. Nchini Marekani, baada ya vita vya kwanza, wasichana waliopaka rangi hiyo katika nyuso za saa walikuwa wakizichonga brashi kwa midomo yao, na wengi wao wakaugua taya na mifupa, wakafa. Hatari kubwa iko katika vumbi lake likimezwa au likivutwa puani. Kwa hiyo chombo chenye kioo kizima na kufungwa vyema kisiguswe ovyo. Kisifunguliwe, kisikwanguliwe, kisipewe mtoto, kisiwekwe chumba cha kulala. Ambaye kioo cha chombo chake kimevunjika akiweke katika mfuko uliofungwa, aoshe mikono, na awaulize watu wa serikali wanaohusika na mambo ya mionzi. Nilipoyajua hayo nilimshukuru Mungu kwamba niliposugua saa ile mwaka 1958 niliusugua mgongo wake na si uso.

Basi nawaomba wenzangu. Ukipata kitu usichokijua, usikisugue na usikipake rangi. Kipige picha mbele, nyuma na ubavuni. Nakili kila herufi na kila tarakimu, hata zile zisizo na maana kwako, kwani maana yake huenda iko katika daftari la kiwanda kilicho ng'ambo ya bahari. Andika kilipatikana wapi, kina gani, mwamba gani, na nani aliyekipata. Kama kimeambatana na mifupa au na kitu chenye umbo la bomu, kiache papo hapo uwaite polisi. Na ukiulizwa ni cha ndege gani, usione haya kusema kwamba hujafika huko.

Saa yetu sasa haiko juu ya kabati. Iko ndani ya mkebe wa bati uliofungwa, katika ghala ya uani, mbali na wajukuu, na nimekusudia kuwaeleza habari zake watu wa makumbusho kule Ngomeni. Pamoja nayo nimeweka daftari. Nimeandika: kipimo cha mgandamizo wa hewa ya injini, cha Kimarekani, cha ndege ya injini mbili. Kililetwa kutoka Kipevu wakati wa vita na kibarua, mtoto wa Mombasa, na hapo nimeliandika jina kamili la mjomba wangu. Mstari wa nambari nimeuacha mtupu, na chini yake nimeeleza ni nani aliyeifuta, kwa majivu na ndimu, siku mbili kabla ya Idd.